Kituo Kisicho na Ngazi

Tvärsele, 12 Oktoba 1964

Mpwa wangu Sture,

Huku sote wazima, isipokuwa goti la mkaza-mjomba wako Hulda, ambalo siku hizi linatabiri theluji kabla ya redio. Viazi tumeshavitoa ardhini, magunia kumi na moja, na konstebo wangu Verner amepata windo kubwa akatuletea paja zima. Mama yako ameniandikia kutoka Härnösand kwamba umepewa ofisi yenye madirisha mawili na karani wa kwako peke yako. Dada yangu huyo anaandika kama mtu aliyezaa mfalme. Kila nikimwuliza unafanya nini humo ofisini, hunijibu, "Anabadilisha polisi," basi.

Sasa nimejua. Waraka wako umefika. Kurasa arobaini na moja, bwana mkubwa! Nimevaa sare hii miaka thelathini na sita na sijawahi kuandika kurasa arobaini na moja juu ya jambo lolote, hata ule mwaka kiwanda cha mbao kilipoungua. Nilimsomea Hulda akiwa anatia samaki chumvi. Nilipofika ukurasa wa tisa alikuwa amelala na kisu mkononi.

Nimeelewa hivi: kuanzia tarehe mosi Januari sisi si polisi wa wilaya tena, ni polisi wa serikali kuu, na wilaya mia tano na kitu zitabaki mia na kidogo. Haya. Lakini ule mchoro wa masanduku ndio umetuvunja mbavu. Verner aliukodolea macho nusu saa.

"Mzee," akaniuliza, "sisi tuko sanduku lipi?"

"Hatumo sandukuni," nikamwambia. "Tuko kwenye huu mstari, kati ya sanduku na sanduku."

"Mstari unakaliwa?"

"Muulize mpwa wangu. Ana digrii."

Halafu ukurasa wa thelathini na tatu unataka kila kituo kilete Stockholm faili la kila mtu aliyekufa au kuumia mikononi mwa polisi tangu mwaka 1940. Ya hapa usiyangoje. Ya mwaka 1949 yaliingia maji. Waambie makarani wako hivyo.

Wasalimu mkeo Gunvor na mabinti. Wafundishe kazi ya maana.

Mjomba wako,
Algot Renmark


Stockholm, 3 Novemba 1964

Mjomba,

Nashukuru kusikia mko wazima. Mabinti wote wawili wana tetekuwanga, na Gunvor amechoka mpaka anajibu simu kwa kusema "usijikune." Nakuandikia nyumbani na kwa mkono, maana ofisini kila karatasi inapigwa muhuri na kusajiliwa, na sheria inamruhusu mtu yeyote mwenye kofia na dakika tano kuingia kuisoma.

Umecheka vya kutosha? Basi na mimi nikwambie mnavyoonekana kutoka huku. Kuna kituo, sikitaji, ambacho ripoti yake ya mwaka mzima ni maneno mawili: "Hakuna jambo." Kuna kingine ambapo gari la polisi limekuwa likibeba ndama kwenda mnadani. Kuna mkuu wa wilaya aliyemweka shemeji yake mlangoni kama askari, na shemeji haoni vizuri. Wafalme wadogo mia tano, Mjomba, kila mmoja jogoo juu ya jaa lake, na kila mmoja ananiandikia kwamba watu wa mji mkuu hawajui maisha. Mchoro wa masanduku unawachekesha kwa sababu ni mara ya kwanza mtu kuwauliza wanakaa wapi.

Na wakubwa wa kamati si afadhali. Wazee tisa, matumbo tisa. Nikisema, wanaitikia: "Wazo zuri sana, Ekbäck! Ndiyo hasa!" Wiki inayofuata nakuta hata kiti hakijasogezwa. Hawabishi. Mtu akibisha ningemshinda. Hawa wanakubali mpaka jambo linakufa.

Anayenisaidia ni mmoja tu, mwenyekiti, Malte Brandelius. Nadhani unamkumbuka, aliwahi kuwa mrakibu huko kwenu. Ndiye aliyenipendekeza kwenye kazi hii. Anakusalimu sana. Anasema ulikuwa mtu wa kutegemewa na una mwandiko mzuri.

Kuhusu maji. Nimemuuliza Mama, naye hajawahi kusikia mto umefika kituoni, mwaka huo wala mwingine. Yaliingia lini?

Mpwa wako,
Sture


Tvärsele, 29 Desemba 1964

Mpwa wangu,

Heri ya Krismasi iliyopita. Barua yako ilifika kitambo. Tulikula samaki wa magadi na uji wa mchele, watu wawili kwenye meza ya watu wanane. Hulda alitaka kuwaita akina Verner, mimi sikutaka. Baridi imefika nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Tetekuwanga imekwisha?

Umetuletea mgeni. Alishuka kwenye treni na viatu vya kuchezea dansi, akiwa na saa ya kupimia wakimbiaji. Alikaa siku mbili akipima jinsi tunavyofanya kazi. Nilikuwa mezani kwangu, kwa hiyo nilisikia yote.

"Simu ikilia," akamwuliza Verner, "unatoka baada ya dakika ngapi?"

"Inategemea kapiga nani."

"Inategemea vipi?"

"Akipiga mjane Öberg, namalizia kahawa kwanza. Hupiga kila Jumanne kusema mumewe kapotea."

"Na mnamtafuta?"

"Yuko makaburini tangu mwaka hamsini na sita. Naenda, nakaa naye kidogo, namwambia tunaendelea kumtafuta, narudi."

Yule bwana akatazama saa yake, akaandika. Nikachungulia. "Dakika arobaini. Kazi isiyo na matokeo." Nilimwambia Verner amrudishe stesheni kwa kitelezi cha kubebea kuni, ili viatu vyake visiharibike. Alitushukuru! Mtu wa namna hiyo unamtuma kubadilisha nini? Mkimpa kanisa atapima urefu wa sala.

Kesho kutwa tunashusha kibao cha wilaya. Kipya hakijafika, na fundi anasema misumari yake haitaingia kwenye baridi hii. Kwa hiyo mageuzi yako yataanza bila kibao.

Salamu za Brandelius nimezipata.

Kuhusu mto: Hulda anakusalimu.

Mjomba wako,
Algot


Stockholm, 25 Januari 1965

Mjomba,

Mabinti wamepona, mmoja ana kovu dogo juu ya nyusi na anajivunia. Gunvor anasema tuje kwenu kiangazi. Mama anakohoa lakini hataki daktari.

Siku kuu imepita. Kulikuwa na bendera, tarumbeta na hotuba tatu, na mimi nilisimama nyuma ya nguzo. Jumatatu yake nilizunguka jengo zima. Wamebadilisha vibao vya milango, Mjomba, hayo tu. Mtu yuleyule, kiti kilekile, na kile kikombe chenye ufa. Nilimkuta mkubwa mmoja akimwelekeza karani wake jinsi ya kuandika cheo kipya juu ya karatasi za zamani, ili zisiharibike bure. Nilimuuliza kama amesoma waraka. Akasema, "Nimeuweka karibu na kitanda." Nikajua unamsaidia kupata usingizi.

Sasa jambo lenyewe.

Tarehe kumi na nne limefika faili kutoka kwa daktari wa mkoa. Nakala. Daktari yule alikuwa mtu wa kutunza. Isak Portin, mwelekezaji wa magogo mtoni, mzaliwa wa Pajala, umri miaka thelathini na moja. Amefariki Jumapili tarehe 12 Juni 1949 katika selo ya Tvärsele. Maelezo ya kituo: "Akiwa amelewa, aliteleza kwenye ngazi za kituo." Maelezo ya daktari ni marefu kuliko hayo, na hayalingani na ngazi yoyote niliyowahi kuiona.

Mjomba, kituo chenu hakina ngazi. Nikiwa mdogo nililetwa kwenu kila kiangazi. Nilikuwa nikiingiza baiskeli mpaka mezani kwako bila kuiinua.

Maelezo yamesainiwa na Brandelius. Mwandiko ni wako.

Sikulaumu. Nyinyi mlikuwa watu wa wakati wenu, mlijifunza kazi kwa kofi na mkasikia kuwa ndiyo kazi. Ndiyo maana nimeajiriwa. Mwezi Mei taarifa yangu inakwenda kwa waziri, na siwezi kukubali ukurasa mmoja wa mzee mmoja uangushe jambo la nchi nzima. Faili nimelitia kwenye droo yangu na ufunguo ninao mimi. Hakuna haja ya kuandikiana zaidi juu yake. Lala vizuri.

Sture


Stockholm, 8 Machi 1965

Mjomba,

Wiki sita sijapata hata mstari. Nimepiga simu mara tatu. Kila mara mkaza-mjomba anasema umekwenda kuvua samaki kwenye barafu. Hakuna mtu anayevua kiasi hicho, na Verner ameniambia kwamba mtaimbo wako wa kutobolea barafu uko kituoni tangu Krismasi.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

Sture


Tvärsele, 2 Aprili 1965

Sture,

Hulda hajambo. Mama yako Signe aliniandikia kuwa kikohozi kimepungua. Hayo ndiyo ya nyumbani, na sasa nyamaza unisikilize.

Jumamosi ile ya mwaka arobaini na tisa Brandelius alikuwa akivuka daraja na mkewe. Upepo ukamchukulia kofia, ukaitupa mtoni katikati ya magogo. Waelekezaji walikuwa kazini hapo chini. Portin akaikimbilia juu ya magogo, akaruka kutoka gogo hadi gogo, akaikosa, akaanguka majini hadi kiunoni, akainuka akicheka. Daraja zima lilicheka. Mke wa Brandelius naye alicheka. Hayo ndiyo makosa yake, na hakuna mengine. Jioni yake akakamatwa kwa kufanya fujo.

Kesho yake, kengele za kanisa zikilia, Brandelius alikuja kituoni akiwa na suti ya ibada. Nilimfungulia selo. Akamwambia Portin aombe radhi.

"Kwa nani?" Portin akauliza. "Kwa kofia?"

Akacheka tena. Hakuwa amelewa, Sture. Alikuwa kijana mchangamfu aliyeamka vizuri. Brandelius akachukua rungu langu kwenye kiuno changu na kumpiga, na hakuacha alipoanguka. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika funguo. Usije ukaniandikia kwamba nilizuiwa. Hakuna aliyenizuia. Nilikuwa mrefu kuliko Brandelius kwa kichwa kizima. Kabla watu hawajatoka kanisani Portin alikuwa amekufa.

Brandelius akakaa mezani kwangu, akanisomea cha kuandika. Nikamwambia, "Bwana mrakibu, kituo hakina ngazi." Akanitazama kama vile meza imesema.

"Una mwandiko mzuri, Renmark. Andika."

Nikaandika.

Sasa sikia lisilomo katika faili lako. Baada ya siku nne alikuja dada yake kwa basi, Lempi, na viatu mkononi ili asivichakaze. Alizungumza Kiswidi kidogo, maana kwao Pajala husemwa Kifini. Alisema sentensi moja, nadhani alikuwa ameifanyia mazoezi njia nzima: "Nionyesheni hizo ngazi." Brandelius alikuwa chumba cha pili, akakohoa. Nikatoka na yule mwanamke, nikamvusha barabara hadi ofisi ya halmashauri. Pale kuna ngazi tano za mawe.

"Hizi?"

"Hizi."

Akainama, akazipapasa moja moja kwa kiganja. Akauliza ni ya ngapi.

"Ya tatu," nikasema.

Hakuna aliyenisomea hilo, Sture. Ya tatu niliitunga mwenyewe. Akakaa juu yake mpaka basi lilipokuja. Tangu siku hiyo nikienda halmashauri napitia mlango wa nyuma, na watu wanadhani ni unyenyekevu.

Tangu Oktoba nimekudharau kwa ajili ya masanduku yako, na nilifurahia kila mstari. Sasa nakudharau kwa jambo halisi. Sisi tuliandika uongo kwa mkono wetu. Wewe umeupokea safi, umepigwa muhuri, ukaufungia ukauita mpango. Halafu unanisamehe! Nani kakutuma unisamehe? Umeajiriwa ulete hewa ndani ya jumba hilo, na mara ya kwanza dirisha lilipokuwa la nyumbani kwako ukapigilia misumari. Na mwenyekiti wako, mzuri wa mawazo, anayekusaidia peke yake, unadhani alikupendekeza kwa akili zako? Alitafuta mtu ambaye mama yake ni wa ukoo wa Renmark.

Litoe faili. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi.

Algot


Stockholm, 19 Aprili 1965

Mjomba,

Mabinti wanakushukuru kwa kadi ya Pasaka.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Miaka kumi na tano na miezi kumi ulinyamaza. Ulipanda cheo mara mbili ndani ya miaka hiyo. Ulikaa meza moja na mchungaji, ukawa mwamuzi wa mashindano ya kuteleza thelujini, ukanifundisha mimi kwamba polisi hasemi uongo. Leo umechoka kubeba mzigo wako na unanipa mimi wiki nne. Kama unatafuta mtu wa kumdharau, nyumba yenu ina kioo.

Nikilitoa faili sasa, Brandelius anaondoka kwenye kamati. Wale wanane waliobaki watazika taarifa yangu kabla ya chakula cha mchana, na vituo vitarudi kwa wafalme wake. Kutakuwa na akina Portin wengine, na hao hawatapata hata daktari wa kutunza nakala. Brandelius anastaafu baada ya miaka miwili. Vuli nitalitoa, pengine, taarifa ikishapita. Na kisheria, naandika hili kama mwanasheria, muda wa kumshtaki huenda umekwisha. Utapata nini? Mtaani kwenu ndiko mkaza-mjomba anakonunua mkate.

Mwandiko nao nimeufikiria. Na jina la mama yangu.

Subiri vuli.

Sture


Tvärsele, 30 Mei 1965

Sture,

Barafu imetoka mtoni. Hulda amepanda karoti, na goti limekubali.

Sikusubiri vuli. Tarehe tatu Mei niliandika maelezo yangu yote, kurasa sita, nikampelekea mwendesha mashtaka wa mkoa kwa mkono wangu. Karani wake aliniuliza kama nimekuja kulalamika juu ya mageuzi. Wazee wote wenye sare huenda kwa hilo, kumbe. Kisha nikapanda treni hadi Boden, na mabasi mawili hadi Pajala, nikiwa na koti la kiraia.

Lempi anaishi nje ya mji, ameolewa na mtu wa kukata magogo. Alifungua mlango akanitambua kabla sijavua kofia. Aliniacha niingie, akanionyesha kiti, na birika lilikuwa linachemka jikoni. Hakunipa kahawa. Wewe ni mtoto wa huku, unajua. Huku hata mtoza kodi hupewa kahawa. Nilizungumza huku birika likichemka mpaka likakauka, akalisogeza pembeni, akakaa tena.

Nilipomaliza alisema, "Rudia. Mume wangu alikuwa nje." Akamwita mumewe. Nikarudia. Nilipofika kwenye ngazi akanikatiza.

"Ya ngapi?"

"Hakukuwa na ngazi."

"Nauliza ulisema ya ngapi."

"Ya tatu."

Akamtazama mumewe. "Si nilikwambia alisema ya tatu? Wewe ulisema nimechanganya."

Nilikuwa nimemwandalia maneno ya kuomba radhi. Nilianza. Akainua mkono hivi, kama unavyomzuia ng'ombe. Akaleta karatasi na kalamu. "Mlikwisha andika moja," akasema. "Andika nyingine, hapa, nikuone." Nikaandika, yeye amesimama nyuma ya bega langu akisoma kila neno kwa sauti. Nilipoandika "alipigwa," akasema, "Na nani? Andika na nani. Na wewe ulikuwa wapi? Andika." Akaikunja akaitia ndani ya Biblia ya Kifini. Mumewe akanionyesha njia ya basi, na mbwa akanisindikiza.

Nakuandikia haya si kwa sababu tumepatana. Nakuandikia kwa sababu watakuja kwako. Mwendesha mashtaka ameniuliza faili la daktari lilikwenda wapi, nikamwambia lilipelekwa makao makuu. Hakuniuliza kwa nani, na sikusema. Hilo nimekuachia wewe, si kwa huruma. Nataka nione mtoto wa dada yangu ni mtu gani.

Algot


Stockholm, 28 Juni 1965

Mjomba,

Gunvor na mabinti hawajambo. Mama amesoma habari za Portin gazetini, na kwa siku tisa hakujibu simu. Jana alipiga mwenyewe, akauliza tu kama nakula.

Walikuja watu wawili kutoka kwa mwendesha mashtaka mkuu, Jumanne asubuhi. Brandelius alikuwa amewatangulia: saa moja kabla yao alipita ofisini kwangu akafunga mlango. Alikuwa mpole sana. Akasema daftari la mapokezi limejaa makosa mwaka huu kwa sababu ya mageuzi, kila mtu analijua hilo, na kusogeza tarehe moja ni kitu kidogo. Akanishika bega. "Una maisha marefu mbele yako, Ekbäck." Nikamwitikia. Nimekaa na wale wazee mwaka mzima, Mjomba, nimejifunza kuitikia.

Kisha wakaingia. Mmoja alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua.

"Faili la Portin lilifika lini?"

"Tarehe kumi na nne Januari."

"Na tangu siku hiyo lilikuwa wapi?"

"Kwenye droo hii."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu yote. Taarifa ya waziri, kamati, vituo mia tano, akina Portin wengine. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kuliko waraka. Nikasema, "Woga."

Akapenga kamasi, akaandika. Ni neno fupi; halikumchukua muda.

Brandelius hatashtakiwa, miaka imepita kama nilivyokuambia. Wamemwondoa kwenye kamati, na barua ya kumwondoa inasema sababu, waziwazi, kwa jina la Portin. Alitaka iandikwe afya. Mchungaji wa Tvärsele ameagizwa kufuta neno "aliteleza" katika kitabu cha vifo. Mimi wamenihamishia idara ya sare. Napitisha vifungo na buti. Karani wangu amebaki na madirisha mawili.

Lakini kuna jambo moja. Tangu gazeti litoke, mafaili yameanza kufika. Sitini na matatu mpaka jana, kutoka vituo vilivyoniandikia kwamba havina. Mengine yana barua ndani, za watu waliokuwa mlangoni kama wewe. Aliyekaa kwenye kiti changu hajui la kuyafanya. Jioni huja kwenye ghala la buti kuniuliza, na ninamwambia asome moja moja, asijibu "wazo zuri."

Tunaweza kuja Julai? Kama mkaza-mjomba ana nafasi. Kama hutaki kuniona, nitaelewa.

Mpwa wako,
Sture


Tvärsele, 8 Julai 1965

Mpwa wangu,

Njooni. Nafasi ipo tele, maana tangu gazeti litoke hakuna anayetutembelea. Nikiingia dukani watu wanaanza kusoma maandishi ya makopo. Hulda ananunua mkate kichwa juu na kurudi nyumbani kulia, kisha anaukata. Verner pekee huja, naye anapasua kuni tu. Mwezi huu nitarudisha sare. Usiniletee buti.

Barua yako nimemsomea Hulda yote, na hakulala.

Lempi Portin alikuja Jumatano. Alikuwa ameandikiwa na mchungaji aje aone kitabu cha vifo kilivyosahihishwa. Alikisoma, akaomba kalamu, akasahihisha jina la mama yake ambalo tulilikosea pia. Kisha akaja kituoni. Nilimfungulia selo, akasimama mlangoni akitazama sakafu, tambarare kutoka barabarani hadi ukutani.

"Wapi?" akasema.

Nikamwonyesha.

"Toka nje."

Nikatoka. Sikujua kama anataka nisubiri mlangoni au niende nyumbani, kwa hiyo nilisimama barabarani, kofia mkononi, mchana mweupe. Mji mzima ulinipita. Mchungaji alipita, mwenye duka alipita, mjane Öberg alisimama kuniuliza kama tumempata mumewe. Nikamwambia hapana, mama, alikufa mwaka hamsini na sita. Alinitazama sana. Akaenda zake.

Saa nzima. Lempi alipotoka macho yake yalikuwa makavu. Nikamwuliza kama atakunywa kahawa kwetu. Hulda alikuwa ameandaa. Akasema hapana. Akauliza basi la kaskazini linaondoka saa ngapi.

"Saa tisa na robo," nikamwambia.

Akavuka barabara kwenda kusoma ratiba mwenyewe.

Mjomba wako,
Algot